Ghafla na Kughafilika: Historia ya Neno Moja Kandokando ya Mto Tana

Mfasiri wa Kiswahili anapokutana na neno la Kiingereza surprise, aghalabu husita. Akiliita mshangao, huwa ametaja hisia ya moyo na kuliacha tukio lililoileta. Akilifasiri kwa neno ghafla, huwa ametaja namna ya kutukia na kumwacha mtu aliyetukiwa. Neno hilo la Kiingereza lina asili ya kivita. Lilitoka katika Kifaransa cha kale, katika kitenzi kilichounganisha maana ya "juu" na maana ya "kushika", na lilipoingia Kiingereza katika karne ya 15 lilitumika kwa kumvamia adui asiyejiandaa, au kuiteka ngome ambayo walinzi wake wamelala. Maana ya jambo lisilotazamiwa, na ile ya mshangao wa moyoni, zilifuata baadaye, mwishoni mwa karne ya 16 na mwanzoni mwa karne ya 17. Kwa hiyo Kiingereza kilianza na mshambuliaji. Kiswahili kilianzia upande wa pili, yaani upande wa aliyeshambuliwa na usingizi wake. Na jinsi kilivyouacha upande huo ndiyo habari inayochunguzwa katika makala hii.

Ushahidi wa matumizi utachukuliwa zaidi katika bonde la mto Tana, kuanzia Chewele, ambayo leo ni wadi katika eneo bunge la Bura, hadi Garsen na delta iliyo chini yake. Sehemu hiyo imeteuliwa kwa sababu mbili. Kwanza, ni mahali ambapo Kiswahili hukutana na lugha nyingine nyingi: Kipokomo na Kiilwana, ambazo ni za jamii ya Kibantu na ni jamaa wa karibu wa Kiswahili katika kundi la Sabaki, na Kiorma, ambacho ni cha jamii ya Kikushi. Mtu wa huko akisema Kiswahili mbele ya jirani yake, mara nyingi anasema lugha ambayo haikuwa ya kwanza kwa yeyote kati yao, na maneno yake hulazimika kubeba mzigo wote bila msaada wa mila moja ya nyumbani. Pili, huko neno ghafla halibaki katika hadithi na magazeti. Hutajwa kila mto unapofurika, na anayelitaja huwa anasema, apende asipende, ni nani alipaswa kujua.

Asili ya neno haina utata. Ni jina la Kiarabu ghafla, kutoka mzizi wa konsonanti tatu gh-f-l, na maana yake ni kutojali, kutokuwa macho, kulisahau jambo ambalo akili ilipaswa kulishika. Katika Kurani hali hiyo ni aibu ya kiroho: watu wanakaribiwa na hesabu yao nao wamo katika ghafla, wamegeuza nyuso. Wanachuoni wa tasawufu waliifanya kuwa kinyume cha dhikri, yaani kumkumbuka Mwenyezi Mungu. Hata wenye mzaha walilitumia. Ibn al-Jawzi wa Baghdad, aliyefariki mwaka 1201, alitunga kitabu kizima cha visa vya wapumbavu na walioghafilika, na mghafala wa Kiswahili, mtu asiyeangalia mambo yake, ni ndugu wa damu wa watu hao.

Ghafla ya Kiarabu, basi, ni sifa ya mtu. Tukio haliwezi kuwa na ghafla, kama vile mvua haiwezi kuwa na usingizi. Tukio linaloshuka pasipo kutazamiwa lina maneno yake mengine. Kurani hutumia baghtatan inapozungumzia Kiyama kitakavyowajia watu, na Hadithi zinapotaja kifo cha mara moja hutumia neno la mzizi wa f-j-'. Walakini mlango mmoja ulikuwa wazi. Kiarabu huweza kusema kwamba jambo lilitendeka "juu ya ghafla" ya fulani, yaani wakati fulani huyo hana habari. Katika Sura ya 28, aya ya 15, Musa anaingia mjini katika saa ambayo wenyeji wamo katika ghafla. Hapo neno bado ni la wenyeji, lakini limekwisha kukaa karibu na kitenzi cha kuingia. Msikilizaji asiyejua mzizi anaweza kudhani kwamba linaeleza jinsi Musa alivyoingia.

Hapana shaka kwamba Kiswahili kilipita katika mlango huo. Umbo la zamani zaidi, ambalo bado lipo katika maandishi na katika vinywa vya wazee, ni kwa ghafula, ambapo kihusishi kwa kinashika mahali pa kile cha Kiarabu, na irabu u imeingizwa ili kuzitenganisha konsonanti mbili. Baadaye kihusishi kikaanza kudondoka, na jina likabaki peke yake nyuma ya kitenzi: akaanguka ghafla, mvua ikanyesha ghafla. Njia hiyo si ya ghafla peke yake. Haraka kwa Kiarabu ni mwendo au mtikisiko wowote, hata ule wa polepole. Kwa Kiswahili imekuwa namna ya kwenda upesi. Taratibu ilikuwa mpango, kila kitu mahali pake. Nayo imekuwa upole wa mwendo, ingawa maana ya mpango imehifadhiwa katika utaratibu. Lugha imeyachukua majina ya Kiarabu yanayotaja hali na kuyatumia kama vielezi, na kielezi hufungamana na kitenzi. Jina lilipokwisha kuwa kielezi, lilikuwa limekwisha kumtoka mtu na kuhamia katika tukio.

Mfano mwepesi ni sentensi "Alikufa ghafla". Kwa mantiki ya Kiarabu mtu angeuliza: ghafla ya nani? Ya marehemu, ambaye hakutubu wala kuandika wasia? Ya jamaa zake, ambao hawakumwona akidhoofika? Msemaji wa Kiswahili haulizi. Ghafla ni ya kifo chenyewe. Hata hivyo watu wameona kwamba neno hilo la kigeni halina mshindo wa kutosha, wakalitafutia ukoo: ghafla bin vuu. Kejeli yake ni tamu. Neno la msikitini limepewa baba ambaye ni mlio mtupu, na kwa nasaba hiyo mpya hakuna tena anayekumbuka kwamba lilikuwa neno la lawama.

Lakini lawama haikupotea. Ilibaki katika kitenzi. Kutokana na ghafili, ambalo ni umbo la mtendaji katika Kiarabu, Kiswahili kiliunda kughafilika, na huko maana ya kale imekaa salama: mlinzi ameghafilika, mama ameghafilika mtoto akatambaa hadi jikoni. Kamusi za Kiarabu hupanga maneno kwa mizizi, na kwa hiyo ghafla na ghafil hukaa chini ya paa moja. Kamusi za Kiswahili, Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya 1981 ikiwa mojawapo, huyaorodhesha kama maneno mawili yanayojitegemea. Wanafunzi wengi wa vyuo hushangaa wanapoonyeshwa kwamba ni neno moja.

Hata katika kitenzi hicho kuna jambo la kuangaliwa. Kiambishi -ik- ni cha kauli ya kutendeka. Kikombe huvunjika, njia hupitika, mtu hughafilika. Mtu hasemi kwamba alitenda ghafla. Husema kwamba ghafla ilimpata, kama vile ufa unavyokipata kikombe. Ndiyo maana nilighafilika ni neno la kuombea radhi, ilhali kwa Mwarabu kukiri ghafla ni kukiri kosa. Linganisha na kusahau, ambacho hakina kiambishi hicho: anayesema nimesahau anajitia hatiani zaidi kuliko anayesema nimeghafilika. Kwa hiyo Kiswahili kimempunguzia mtu lawama mara mbili, mara ya kwanza kwa kulihamishia jina katika tukio, na mara ya pili kwa kukipa kitenzi umbo la kutendeka.

Katika mto Tana maumbo haya mawili hukabiliana mchana kweupe. Mto huo, ambao ni mrefu kuliko yote ya Kenya, una urefu wa kilomita 1,000 hivi, na hupanda mara mbili kwa mwaka, katika mvua ndefu za Aprili hadi Juni na katika mvua fupi za Novemba na Desemba. Kwa mkulima wa Kipokomo mafuriko hayakuwa msiba kwa asili yake. Yalikuwa kalenda. Maji yalipanda, yakaingia mabondeni, yakaacha udongo mpya. Yalipoteremka watu walipanda mpunga, mahindi na migomba kwa kuufuata unyevu. Mfugaji wa Kiorma naye alikuwa na saa yake ya kuwatoa ng'ombe karibu na mto na kuwapeleka nchi kavu, na ya kuwarudisha kiangazi. Kilichoogopwa zaidi kilikuwa mto usiofurika. Yalikuwapo mafuriko makubwa kupita kiasi, kama yale ya 1961, ambayo wazee wa bonde zima waliyafanya kuwa alama ya kuhesabia umri. Lakini hata hayo yalikuwa ni wingi wa kitu kilichojulikana.

Aidha yapasa kutenganisha maji ya aina mbili. Katika nyika za magharibi na mashariki mwa mto kuna laga, mikondo mikavu ambayo jina lake limetoka katika Kioromo, na hiyo hujaa kwa saa chache mvua ikinyesha mbali. Anayevuka laga kavu asubuhi anaweza kukuta mto jioni. Maji ya laga ni ya ghafla kwa maana halisi ya leo. Maji ya Tana yenyewe si hivyo. Mvua iliyonyesha katika miteremko ya mlima Kenya na Nyandarua huchukua siku kadhaa kufika Bura, na siku nyingine tena kufika Garsen, kwa kuwa mto huko huenda kwa mizunguko na hutawanyika mabondeni. Mafuriko ya Tana huja polepole. Yakiitwa ya ghafla, basi kilichochelewa ni habari, maana maji hayakukimbia.

Sasa ziingizwe enzi za mabwawa. Kindaruma lilikamilika mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Yote yako juu, mbali na Chewele, na yalijengwa kwa ajili ya umeme. Masinga ndilo lenye hifadhi kubwa, na tangu lilipoanza kuyashika maji, mafuriko ya kawaida ya mara mbili kwa mwaka yalipungua nguvu huku chini. Ilikuwa ni katika miaka hiyohiyo ya mwanzo ya 1980 ambapo wakulima kutoka sehemu mbalimbali za Kenya walianza kuletwa katika mradi wa umwagiliaji wa Bura, watu ambao hawakuwa na kumbukumbu yoyote ya mto huo. Wenyeji nao walianza kuzoea mto mtulivu. Mabonde yaliyokuwa ya mafuriko yalilimwa moja kwa moja, na nyumba zikasogezwa. Kisha mwaka ukaja ambao mabwawa yalijaa, na bwawa lililojaa halizuii kitu: linapitisha yote linayopokea. Hivyo ilikuwa katika El Niño ya 1997 na 1998, tena katika mwaka 2018, tena mwishoni mwa 2023, na tena Aprili na Mei 2024.

Mabwawa, kwa hiyo, yalileta ghafla za aina mbili kwa pamoja, na historia ya neno inasaidia kuziona. Kwa kuyazuia mafuriko madogo, yaliwazoeza watu kusahau: hiyo ni ghafla ya Kiarabu, hali ya moyo. Kwa kuyapitisha mafuriko makubwa yote kwa wakati mmoja, yaliyapa maji mkupuo ambao mto wa zamani haukuwa nao: hiyo ni ghafla ya Kiswahili, sifa ya tukio. Taarifa rasmi huitaja ya pili tu. "Mafuriko ya ghafla" ni kifungu kilichokwisha ganda, na kihusishi -a kimekikamilisha kile kilichoanzwa na kielezi: ghafla sasa ni mali ya mafuriko kama vile mpini ni mali ya jembe. Msikitini siku ya Ijumaa, kwa upande mwingine, na hata katika baraza la chifu, umbo linalosikika ni lile la pili: tusighafilike, msighafilike. Maji ni yaleyale. Redio husema kwamba yalikuwa ya ghafla, na mhubiri husema kwamba watu wameghafilika. Hakuna kati yao anayesema ni nani aliyewaghafilisha, ingawa sarufi inacho kitenzi hicho tayari.

Tukio la mwaka 2023 linastahili kutajwa hapa. Idara ya Hali ya Hewa ilikuwa imetabiri mvua zinazozidi wastani kwa miezi ya Oktoba hadi Desemba. Mwanzoni mwa Oktoba wananchi wakatangaziwa na uongozi wa juu wa serikali kwamba ile El Niño kubwa iliyohofiwa haitakuja. Ilipofika Novemba, Tana ilikuwa imetoka kingo zake, na familia zikawa zimehamia katika kambi za muda kwenye miinuko. Mtaalamu wa lugha hana mamlaka ya kutoa hukumu katika mambo ya anga. Lakini anaweza kuuliza ni kwa maana gani mvua iliyotabiriwa mnamo Agosti na kukanushwa mnamo Oktoba ilikuwa ya ghafla mnamo Novemba.

Neno ajali lina historia inayokaribiana na hii, ingawa ilikwenda kinyume. Ajal ya Kiarabu ni muda uliowekwa, siku ya kufa iliyoandikwa, jambo lisilo na bahati nasibu hata chembe. Kiswahili kililipokea kwa maana hiyo, na methali ajali haina kinga ilikuwa ikisema kwamba siku iliyoandikwa haina ngao. Mashine na barabara ziliigeuza. Kwa kuwa aliyekufa kwa gari aliaminika kufikiwa na ajali yake, mgongano wenyewe ukaitwa ajali, na leo neno lililokuwa la jambo lililopangwa kuliko yote limekuwa la jambo lisilopangwa na yeyote. Methali haikubadilika hata herufi moja, ila maana yake imepinduka chini juu: sasa husemwa kwamba hakuna wa kulaumiwa. Mashua iliyopinduka Kona Punda, karibu na Madogo, mwezi wa Aprili 2024, ilipokuwa ikivusha abiria mahali ambapo barabara ya Garissa ilikuwa imefunikwa na maji, iliitwa ajali. Kwa maana ipi kati ya hizo mbili, kila mfiwa alikuwa na jibu lake.

Si maji pekee yanayoitwa ya ghafla bondeni humo. Mwaka 1886 misheni ya Kimethodisti ya Golbanti, chini ya Garsen, ilivamiwa na wapiganaji wa Kimaasai, na mmisionari John Houghton aliuawa pamoja na mkewe. Hiyo ilikuwa surprise kwa maana kamili ya karne ya 15. Alfajiri ya tarehe 22 Agosti 2012 kijiji cha Riketa kilishambuliwa, na watu zaidi ya 50 waliuawa. Habari nyingi za siku ile zililiita shambulio la ghafla. Lilikuwa la ghafla kwa waliolala. Kwa aliyekuwa akifuatilia ugomvi wa malisho na mashamba katika majuma yaliyotangulia, neno linalofaa zaidi ni lile la kitenzi.

Yafaa kuongeza kwamba Kiswahili hakikukosa njia zake chenyewe za kusema jambo hili. Kufumania, kutoka katika kufuma na kufumana, humweka mbele yule anayekuta, nao aliyekutwa huwa na hatia tayari. Wasimulizi hutumia mara, ambayo ni ya Kiarabu kwa asili lakini imekuwa chombo cha hadithi. Kutahamaki ni kuinua macho na kuona jambo limekwisha kuwa: kutahamaki, maji yamefika mlangoni. Na kumbe, neno dogo ambalo wanaisimu wa ulimwengu wangelipenda zaidi kama wangelijua, hutangaza kwamba msemaji alikuwa hajui na sasa anajua. Tangu Scott DeLancey alipochapisha makala yake ya 1997, alama za namna hiyo zimekuwa uwanja maalumu wa utafiti, na kumbe ingestahili sura yake yenyewe. Kwa hoja iliyopo inatosha kuona kwamba tahamaki na kumbe huiweka hali ya kutotazamia ndani ya mtazamaji, palepale ambapo Kiarabu kiliiweka ghafla. Mtu wa Chewele akisema "kumbe bwawa limejaa", anakiri kwamba bwawa lilikuwa likijaa wakati wote, siku baada ya siku, na kwamba yeye hakuambiwa.